Daftari la Mtani Wangu Mihayo

Kerege, Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri

Mwanangu Mwantumu,

Ijumaa iliyopita uliniuliza swali nikakudanganya. Ulisimama mlangoni mwa duka na simu mkononi, umefurahi mpaka unashindwa kupumua vizuri, ukaniambia umepata kazi kwenye gereji ya magari ya mashindano kule Arusha. Halafu ukasema, "Mama, mkuu wao ni mzee mmoja anaitwa Mihayo. Ameniuliza kama mama yangu ndiye yule mwandishi wa ubao wa Kerege. Nilipomwambia ndiye, akasema nikwambie ameshika kitu chako, uende ukakomboe mwenyewe. Ana maana gani?" Nikakujibu sijui, wazee wana maneno yao. Nikajifanya natafuta spoku kwenye rafu ya juu, na wewe unajua kabisa kwamba spoku ziko rafu ya chini.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu ulipotaja jina. Barua hii ndiyo jibu la swali lako, na kama itakuwa ndefu na yenye kona nyingi, nivumilie, maana jambo lenyewe ninalo moyoni mwaka wa kumi na mbili huu na bado sijalielewa.

Sasa hivi uko Mbegani unamuaga shangazi yako, naye hatakuachia kabla hujala wali wake, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Habari za kula, kuswali, kuvaa sweta na kutompa mtu usiyemjua namba yako ya simu sitaziandika. Hizo umezisikia tangu umezaliwa, na baridi ya Arusha itakufundisha habari ya sweta bila msaada wangu. Nataka nikwambie jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu, kabla hujalisikia kwa mwingine.

Wewe unanijua kama mwenye duka la vipuri vya bodaboda. Ulipokuwa darasa la pili, mimi nilikuwa mtunza stoo wa timu ya magari ya mashindano. Gereji yetu ilikuwa hapa hapa Kerege, pale wanapofyatua matofali siku hizi. Nilikuwa nahesabu nati, nafungia spana kabatini, na kila asubuhi naandika ubaoni. Ubao ule ndio uliokuwa unaongoza kazi. Fundi Kibwana, mkuu wetu, alinitajia vipimo vya siku: upepo wa matairi, urefu wa springi, mafuta gani yaingie wapi. Mimi naandika kwa chaki, mafundi wanasoma na kufanya. Kibwana alikuwa fundi hodari lakini akiandika hata yeye mwenyewe hawezi kusoma, ndiyo maana kazi hiyo ikawa yangu. Hakuna aliyewahi kuuliza namba inatoka wapi. Ikishaandikwa ubaoni imeandikwa.

Dereva wetu alikuwa Imran. Huyo labda unamkumbuka, kijana mwembamba wa Bagamoyo mjini aliyekuwa anakuletea biskuti na kukuita bosi. Nje ya gari alikuwa mpole mpaka unamwonea huruma. Akishafunga mkanda ni mtu mwingine.

Mihayo yeye alikuwa fundi mkuu wa timu ya Dar, wapinzani wetu wakubwa. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na sisi ni Wakwere, maana yake ni watani. Ninyi watoto wa siku hizi mkisikia watani mnafikiria timu za mpira tu. Utani wenyewe una taratibu zake. Mtani wako akikukuta umezubaa, anachukua kitu chako, na hapo hapo anapiga kelele watu wote wasikie: "Nimeshika!" Wewe hukasiriki. Unakwenda mwenyewe, hutumi mtu, unakomboa kitu chako kwa soda au kuku au chochote atakachokitaka, watu wanacheka, mmemaliza.

Mihayo ndiye aliyeanza. Tulikuwa kwenye mashindano ya kwanza ya mwaka, natawadha pembeni ya hema letu, nageuka, ndara hazipo. Nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa uwanja: "Jamani njooni muone! Nimemshika mtumwa wangu wa Kikwere, leo anaswali peku!" Nikamwendea, mkono kiunoni. "Wewe Mnyamwezi, babu yako alikuja pwani amebeba mzigo wa babu yangu kichwani, leo unajifanya bwana?" Watu hoi kwa kucheka. Nilikomboa kwa soda mbili. Mashindano yaliyofuata nikamshikia kofia yake, kofia ya kijani iliyopauka ambayo hakuivua hata kwenye jua la saa nane, nikapiga kelele mpaka nikakauka koo. Aliikomboa kwa jogoo. Tukaendelea hivyo misimu mitatu. Akawa ananiita mke wangu wa Kerege, na baba yako, Mungu amrehemu, akisikia alikuwa anacheka kuliko wote.

Basi ikaja shindano la mwisho la msimu wa tatu. Imran alikuwa anaongoza kwa pointi chache, na gari la kina Mihayo lilikuwa linakuja nyuma yake kwa kasi ya kutisha. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa kule ndani, Miono, barabara ya udongo yenye matuta madogo madogo yaliyofuatana. Gari letu likifika pale linaruka ruka kama mbuzi, Imran anashindwa kulishika. La Mihayo linapita limetulia. Siri ilikuwa ndani ya shokapu. Humo mna visahani vyembamba vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na idadi yake na mpangilio wake ndivyo vinavyoamua gari likiruka litatua vipi. Mihayo alikuwa amekaa mwaka mzima anavipanga na kuvipangua, anachanganya mafuta ya aina mbili, anajaribu, anaandika. Aliandika kila kitu kwenye daftari la bluu lenye jalada gumu. Sote tulilijua daftari lile. Kibwana alilitaja mara nyingi kuliko alivyomtaja mkewe.

Ijumaa mchana, siku ya ukaguzi wa magari kwenye uwanja wa mpira wa Miono, nilipita mbele ya hema lao kwenda kuteka maji. Mihayo hakuwepo, alikuwa kwa mama ntilie na wenzake. Daftari lilikuwa juu ya sanduku la spana. Kando yake, Mwantumu, kando yake hivi, karibu kugusana, ilikuwa ile kofia ya kijani.

Nikachukua daftari.

Nimeifikiria kofia ile kuliko ninavyofikiria vitu vingine vikubwa vya maisha yangu. Kwa nini sikuchukua kofia? Siku zote nilikuwa nachukua kofia. Naapa kwamba mkono wangu ulipokwenda pale, kichwani nilikuwa na utani tu, nilikuwa nacheka peke yangu, nawaza atakavyohangaika kulitafuta. Naapa hivyo, halafu najiuliza, basi kwa nini hukupiga kelele? Sikupiga kelele. Nililitia ndani ya kapu, nikalifunika kwa kanga, nikaendelea na safari yangu ya maji. Nilijiambia nitapiga kelele akirudi, ndiyo atashtuka vizuri zaidi. Inawezekana ilikuwa kweli. Siku nyingine naamini ilikuwa kweli, siku nyingine naona nilikuwa mwizi tangu hatua ya kwanza. Sijui, mwanangu. Mkono ni wangu na kichwa ni changu, lakini sijui.

Nilipofika hemani kwetu Kibwana akaliona nilipoinua kanga kapuni. "Hilo nini?"

"La mtani wangu. Nimemshikia."

Akacheka sana. Akalichukua, akalifungua ili amtanie Mihayo kwa hati yake, na nikamwona anaacha kucheka. Akakaa chini. Akatoa simu. Nilisikia ile sauti ya simu inapopiga picha, mara moja, mara ya pili, mara nyingi, na mimi nikageuka nikaanza kupanga nati ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alipomaliza akanirudishia, akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Haya, mrudishie mtani wako. Wewe hujaiba, umetania. Mimi sijaiba, nimesoma tu." Nikatafuta kosa kwenye maneno yale nisilione. Mpaka leo nikiyachukua moja moja silioni.

Alasiri Mihayo akaja mwenyewe. "Mke wangu, umenishikia daftari?" Nikamwambia nimeshika, tena leo sitaki soda, nataka jogoo. Alicheka, lakini alikuwa ananiangalia. "Hukupiga kelele," akasema. Nikamjibu koo linauma. Akaenda, akarudi na jogoo wa kununua pale pale Miono, nikamkabidhi daftari lake. Jogoo yule wenzangu walimla jioni ile. Mimi sikumgusa, nikasingizia tumbo.

Jumamosi asubuhi Kibwana akanitajia vipimo na mimi nikaandika ubaoni, maana ubao tulikuja nao Miono. Idadi ya visahani, mpangilio wake, mchanganyiko wa mafuta. Nilikuwa najua zilikotoka namba zile, kwa sababu nilikuwa nimelifungua daftari mimi mwenyewe kabla ya kulirudisha. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Niliandika kwa ile hati yangu nzuri. Mafundi sita walisoma, wakafungua shokapu, wakapanga kama ubao ulivyosema. Mmoja wao, nakumbuka, alisimama akautazama ubao kwa muda, akanitazama mimi, halafu akachukua spana. Alijua? Alihisi? Kama alihisi, kosa lake lilikuwa kubwa kiasi gani? Ona jinsi lilivyoanza kusambaa, na nilikuwa na chaki bado mkononi.

Jumapili Imran aliipita ile barabara ya Miono utadhani ni ya lami. Watu walishangilia. Mimi nilisimama kwenye kona ambako mafundi wa timu zote walikuwa wamejazana, na Mihayo alikuwa hatua chache mbele yangu. Gari letu lilipopita juu ya matuta yale limetulia, hakulitazama. Aligeuka akanitazama mimi. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningejua pa kuanzia.

Imran akawa bingwa kwa siku tisa.

Timu ya Dar ililalamika. Kamati ya mashindano ikaja na mafundi wake, wakafungua shokapu zetu, wakakuta visahani vimepangwa kama vya kina Mihayo, kimoja kimoja, na mafuta yale yale. Mshabiki mmoja alikuwa amepiga picha hema letu Jumamosi, na nyuma ya gari ubao wangu ulionekana wazi. Tukaitwa kwenye darasa la shule moja mjini Bagamoyo, shule ilikuwa imefungwa. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtaratibu, hakupandisha sauti hata mara moja. Alimuuliza Kibwana namba zile zilitoka wapi. Kibwana akasema tumezibuni sisi wenyewe. Akaulizwa, "Sisi nani?" Akasema, "Timu." Mama yule akageuka kwa Mihayo. "Daftari lako liliwahi kutoka mikononi mwako?"

Nilikuwa nimekaa dawati la tatu. Mihayo alinitazama, si kwa muda mrefu. Angesema neno moja tu. Lakini mtani hamshitaki mtani, hiyo nayo ni taratibu, na Wanyamwezi wa umri wake hawaichezei. Akasema, "Nililisahau mahali, mama. Ni uzembe wangu."

Mwenyekiti akaandika. Halafu akasema jambo ambalo nimelizunguka miaka yote hii kama anayetafuta mlango wa kuingilia. Alisema kamati haihitaji jina la mtu. Alichokijua mmoja wenu, timu imekijua. Alichokitumia mmoja wenu, mmekitumia wote. Gari limekimbia kwa kitu cha watu, na gari ni la timu. Pointi zote za msimu zikafutwa, na ubingwa ukaenda kwa wengine.

Unajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia nafuu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuchukua daftari. Hawahitaji jina! Nilikuwa nimekaa pale, nimejiandaa kuulizwa, na ghafla sikuulizwa. Kosa limebebwa na wote, na mzigo wa wote ni mpana, nikajificha chini yake na hakuna aliyeniona. Imran alikuwa dawati la mbele. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mama mwenyekiti, mimi nimekosa nini? Mimi nimekanyaga mafuta tu." Yule mama akavua miwani, akamjibu kwa upole kabisa kwamba anasikitika. Imran akageuka akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nikatazama chini.

Ningesimama wakati ule. Ilikuwa ni kusimama tu. "Ni mimi niliyelichukua, lilianza kama utani, halafu nikanyamaza." Pointi zisingerudi. Ubingwa usingerudi. Lakini Imran angejua amkasirikie nani, na Mihayo asingeitwa mzembe. Timu yake ilimfukuza wiki ile ile. Mwaka mzima wa kazi yake umechukuliwa, na yeye ndiye aliyefukuzwa. Yetu ikavunjika ndani ya miezi michache. Mafundi walianza kuangaliana, kila mmoja anajua kuna mmoja wetu, hajui ni nani. Imran hakugusa tena gari la mashindano. Siku hizi ana duka la vyombo Bagamoyo, ananisalimia kwa heshima, ananiita dada. Kila nikienda mjini napita mtaa wa nyuma.

Na Kibwana? Kibwana tulikutana msibani, akaniambia, "Tusahau, yalikuwa ya timu." Naye amepata pa kujificha. Pengine sote tumo humo humo.

Sasa unaniuliza, je, yule mama mwenyekiti alikosea? Nimejibu swali hili mara nyingi na kila mara jibu ni lingine. Nikimkumbuka fundi aliyeutazama ubao akachukua spana, nasema alikuwa sahihi, sote tulilitengeneza gari lile. Nikimkumbuka Imran na mkono wake juu, nasema alikosea vibaya sana. Halafu nawaza, kama angedai jina, ningepatikana mimi, mtunza stoo, nikatupwa nje, na Kibwana mwenye picha kwenye simu angebaki na ubingwa wake. Hiyo nayo si haki. Nimeshindwa. Wewe umesoma kuliko mimi, labda utafika mahali ambapo mimi sijafika.

Umeniambia kesho kutwa, kabla hujaonyeshwa hata pa kuweka begi, utasaini karatasi kwamba siri za gereji hazitoki nje. Ukasema, "Mama, karatasi tu, kwani mimi mwizi?" Ulicheka, nikacheka. Ningetaka kukwambia usiibe, lakini hata mimi ningeambiwa hivyo siku ile ya Miono ningesema kwani mimi mwizi. Haikuja na sura ya wizi. Ilikuja na sura ya mchezo wetu wa kila siku, na mtu niliyempenda. Ninachoweza kukushikisha ni kidogo sana: ukishika kitu cha mtu, piga kelele. Pale pale, kabla hujapiga hatua. Ukiona koo limekataa, kirudishe, maana koo limeshajua jambo ambalo kichwa bado kinajadiliana nalo. Na siku ukisoma namba ubaoni ukajiuliza imetoka wapi, uliza kwa sauti, hata kama wote wanaendelea na kazi. Hata hilo sina hakika nalo. Nimelifikia kwa kuchelewa na pengine limeshapinda.

Turudi kwenye ujumbe wa Mihayo. Ulipomaliza kunipa salamu zake nilikuuliza, unakumbuka? Nilikuuliza, "Alikuwa anacheka aliposema hivyo?" Ukajibu, "Sijui Mama, mtandao ulikuwa unakatika." Tangu Ijumaa silali vizuri kwa sababu ya mtandao huo. Kama alikuwa anacheka, basi yule mtani wangu bado yupo, amenishikia mwanangu na kupiga kelele kama inavyotakiwa, na miaka kumi na miwili amenisubiri nije. Kama hakuwa anacheka, basi anajua vizuri anachokifanya, ameweka mkono juu ya kitu ninachokipenda kuliko vyote ili nionje. Nimeyasema maneno yake kwa sauti zote mbili hapa dukani mpaka mteja mmoja akaniuliza kama niko salama. Yote mawili yanaingia. Ndivyo utani ulivyo, ndivyo na mimi nilivyomfanyia, nikamwachia maisha yake yote akijiuliza kama nilikuwa nacheka.

Nikiri na jingine. Jumatatu ulipoacha barua yako ya kazi mezani, niliichukua. Niliipeleka mpaka jikoni kwenye jiko lenye moto. Niliwaza, isipokuwepo labda safari itavunjika, Mihayo atabaki kule na mimi huku. Halafu nikaona mkono wangu, ni ule ule, na nimenyamaza tena. Nikairudisha. Kile kidoa cha mkaa kwenye kona, ulichomlaumia paka, ni changu. Nisamehe, na umwombe paka radhi.

Mtu hakombolewi kwa barua wala kwa kutuma salamu. Taratibu inasema mwenyewe, kwa miguu yake. Leo asubuhi niliposema naenda kuchukua mzigo wa vipuri Bagamoyo, nilikwenda kwanza dukani kwa Imran. Sikupita mtaa wa nyuma. Nilimweleza yote, nimesimama katikati ya masufuria, na wateja wawili wakisikia. Akaniuliza, "Dada, kwa nini leo?" Nikamwambia mwanangu anaondoka. Hakunisamehe, na hakunifukuza. Alinifungia chupa ya chai ya safari, akasema ni ya bosi. Sijui maana yake nini. Nimekuwekea kwenye kapu.

Kutoka pale nilikwenda kukata tiketi. Ndiyo maana, ukirudi kutoka Mbegani, utakuta mabegi mawili mlangoni. Dogo ni langu. Na ile kelele uliyoisikia stoo tangu asubuhi, ukaniuliza nikasema panya, ni jogoo. Tukifika pale njia ya Miono inapoingia kulia, mimi nitatazama kushoto, usinisemeshe.

Nitamkabidhi Mihayo jogoo wake mbele ya mafundi wake wote, halafu nitamweleza habari ya kofia. Sijui atafanya nini. Akicheka, nitakuacha kwake na nitarudi nyumbani peke yangu. Asipocheka, nitarudi peke yangu vile vile, na wewe utabaki, utavaa ovaroli, utachukua spana, wala hutasimama upande wangu. Mtu yeyote akikuuliza, sema daftari lilichukuliwa na mama yako, Chausiku binti Mzee wa Kerege, kwa mkono wake. Taja jina. Katika hili, mwanangu, wewe si timu yangu.

Mama yako